Familia Nambari RF01734

Katika picha zangu zote za kidato cha nne nimefunga mdomo. Wenzangu waliotoka Mwanza na Tanga wanacheka mpaka magego yanaonekana. Sisi wa Arumeru tumesimama pamoja pembeni, midomo imebanwa. Meno yetu ni ya kahawia, mengine yana vishimo, na hakuna mswaki utakaoyarudisha meupe, kwa sababu doa hilo halikukaa juu ya jino. Liliingia ndani tulipokuwa wadogo, jino likiwa bado linajijenga ndani ya ufizi. Chanzo ni floraidi. Imo kwenye mawe ya volkano ya Mlima Meru, inayeyuka kwenye chemchemi, inashuka na mito. Mimi nimezaliwa Maji ya Chai, na anayetaka kujua mto wetu una rangi gani hana haja ya kuuliza mara mbili.

Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1984 viliukuta mto Maji ya Chai ukiwa na miligramu 12 hadi 14, na madimbwi na maziwa ya magadi ya upande huu, Momella yakiwemo, yalikuwa na kati ya 60 na 690. Mama yangu anachuja maji yake ya kunywa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Na bado anatia magadi kwenye makande ili maharage yaive upesi, ingawa nimemweleza mara nyingi kwamba magadi nayo yana floraidi. Hajaacha. Maharage bila magadi, anasema, ni kumaliza kuni bure.

Hayo yote niliyajua kabla sijajua kwamba humo humo majini wamo viumbe wanaojikinga na floraidi tangu enzi na enzi. Floraidi ikiingia ndani ya bakteria inakwamisha vimeng'enya vyake, hasa enolasi, kimojawapo cha vile vinavyovunja sukari ili seli ipate nguvu. Kwa hiyo lazima itolewe nje. Bakteria wengi wana protini ya kazi hiyo, mlango mdogo kwenye utando wa seli, lakini kuujenga mlango ni gharama, basi wanaujenga floraidi inapokuwepo tu. Kinachopima ni kipande cha RNA (uzi wa molekuli unaonakiliwa kutoka kwenye jeni) chenye herufi kama hamsini, kilichokaa mwanzoni mwa ujumbe wa jeni ya mlango huo. Floraidi isipokuwepo kinajikunja kwa namna moja na jeni inanyamaza. Ikiwepo, kinajikunja kwa namna nyingine na jeni inafanya kazi. Kipande cha namna hii huitwa riboswichi.

Riboswichi moja iliyopimwa maabara, ya bakteria wa mimea aitwaye Pseudomonas syringae, nusu ya nakala zake zilikuwa zimeishika floraidi katika kiwango cha takriban maikromoli 60 kwa lita. Hesabu hiyo niliipiga mara tatu kwenye karatasi nikidhani nimekosea mahali. Jibu ni miligramu moja na kidogo kwa lita. Uzi wa RNA usioonekana kwa macho unastuka karibu pale pale ambapo Shirika la Afya Duniani limechora mpaka wake.

Kumbukumbu ya riboswichi hiyo imo kwenye kanzidata ya familia za RNA iitwayo Rfam, familia nambari RF01734. Nataka kueleza kazi ya kuitunza kumbukumbu kama hiyo, maana ndiyo kazi ninayojifunza kuifanya hapa Tengeru kwa miaka kadhaa sasa, na watu wengi, hata walio kwenye sayansi, hudhani kanzidata ikishajengwa imejengwa.

Rfam ilielezwa kwa mara ya kwanza katika makala ya mwanzoni mwa 2003. Walioiandika ni Sam Griffiths-Jones, Alex Bateman, Sean Eddy na wenzao, na ilikuwa na familia 25. Ilizaliwa Hinxton, karibu na Cambridge, Uingereza, kwenye taasisi ya Sanger, na sasa inatunzwa na EMBL-EBI, taasisi ya Ulaya ya taarifa za kibiolojia, katika uwanja ule ule. Leo ina familia zaidi ya 4,000. Nambari RF00001 ni RNA iitwayo 5S ya ribosomu, mtambo wa seli wa kutengeneza protini, RF00005 ni tRNA, na kadhalika, kila familia na nambari yake, na nambari haibadiliki hata jina likibadilika. Hilo la jina ni muhimu, kama utakavyoona.

Mwaka 2010 Zasha Weinberg, Ronald Breaker na wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha orodha ya RNA 104 za bakteria na akea (viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria) ambazo zilionekana kuwa na umbo maalumu, nyingi zikiwa hazijulikani kazi yake. Mojawapo ilikutwa mara kwa mara mbele ya jeni iitwayo crcB, basi ikapewa jina la jirani yake. Na jirani mwenyewe jina lake lilitoka mbali: jeni hiyo ilitambuliwa kwa sababu bakteria wa E. coli waliopewa nakala nyingi walistahimili kafuri. Kafuri hii hii tunayoijua. Ndivyo RNA ya floraidi ilivyoingia kwenye vitabu ikiwa na jina lenye harufu ya kafuri, na kwa miaka miwili hakuna aliyejua inahisi nini. Mwaka 2012 maabara ile ile ikaonyesha kwamba ni floraidi. Mwaka huo huo umbo lake likapatikana kwa njia ya fuwele, yaani RNA iligeuzwa fuwele na kupigwa eksirei, na humo ioni ya floraidi imeonekana imezingirwa na ioni tatu za magnesiamu. RNA ina chaji hasi, floraidi nayo ina chaji hasi, zilipaswa kusukumana. Magnesiamu ndiyo inayozipatanisha. Kila ninapoliangalia umbo hilo nasimama kidogo kabla sijaendelea na kazi.

Sasa fikiria kumbukumbu iliyoandikwa kabla ya 2012. Haikuwa na kosa siku ilipoandikwa. Ilikuwa kweli kabisa: RNA yenye umbo, kazi haijulikani, hukaa mbele ya crcB. Miaka miwili baadaye ukweli ule ule ulikuwa umechakaa. Ni lazima mtu arudi, asome makala mpya, abadilishe maelezo, aongeze marejeo, alinganishe michoro ya zamani na umbo la fuwele, aone jozi zipi zilikosewa. Familia zaidi ya elfu nne, na kila mwaka sayansi inazichakaza mbili tatu hapa, ishirini kule. Na si suala la usafi wa maandishi tu. Jenomu za bakteria, yaani maandishi yao yote ya urithi, zinazowekwa kwenye hazina ya taarifa za jeni ya NCBI ya Marekani huwekewa alama na mashine, na kwa sehemu ya RNA mashine hiyo inatumia modeli za Rfam. Kosa moja kwenye familia moja linanakiliwa kwenye jenomu elfu nyingi bila mkono wa mtu kuligusa. Daktari bingwa wa viuavijasumu huko mbele atasoma kilichonakiliwa, hatasoma asili.

Neno familia limetumika kwa makusudi. Ndani ya Rfam, RNA zilizotokana na mhenga mmoja na zinazofanana umbo huwekwa familia moja. Familia zinazokaribiana lakini haziwezi kupangwa pamoja vizuri zinawekwa kwenye ukoo mmoja. RNA ya kipande kidogo cha ribosomu ya bakteria ni familia yake, ya akea familia yake, ya viumbe kama sisi familia yake, na zote ni ukoo mmoja. Mahali fulani kwenye jenomu pakidaiwa na familia mbili za ukoo mmoja, hushindanishwa, na inayolingana vizuri zaidi ndiyo inayopewa. Kwa msomaji wa Kiswahili hakuna haja ya kutafsiri chochote hapo. Tumekulia kwenye mambo hayo.

Baba mkubwa wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kaunta buku la kwaya tatu, jalada limefungwa na gazeti na juu ya gazeti karatasi la nailoni. Ndani yake ulikuwamo ukoo wetu wote: nani mtoto wa nani, nani kaolewa Poli, nani kahamia Kiteto na hajarudi. Nilikwenda kumwona likizo moja kabla sijaanza shahada ya uzamili.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Nisomee hapa, macho yamechoka."

Siku hiyo alikuwepo mgeni, mtu wa makamo aliyetoka Babati, anasema yeye ni wa ukoo wetu, babu yake aliondoka zamani. Jina la ukoo alikuwa nalo. Baba mkubwa hakulijali. Majina yanafanana, alisema. Akamuuliza babu yake alikuwa wa nyumba ya nani, kisha akamuuliza bibi yake alitoka kwa nani. Yule mgeni alipotaja nyumba, jina lilikuwa tofauti kidogo na la kwenye buku. Nikadhani ameshindwa. Lakini alipotaja upande wa bibi, nao ulikuwa tofauti, na tofauti zile mbili zililingana: aliyekuwa wa nyumba ile ndiye aliyemwoa binti wa upande ule, ndoa iliyoandikwa kurasa sita nyuma. Baba mkubwa akaniambia nichukue kalamu.

Nilikumbuka buku lile mwaka uliofuata, darasani, mwalimu alipotueleza kwa nini RNA haitambuliwi kwa kulinganisha herufi peke yake. RNA ni uzi wa herufi nne, A, C, G na U. Uzi unajikunja, na mahali unapokutana na nafsi yake G hushikana na C, A hushikana na U. Chukua mfano huu niliotunga: upande mmoja GGCUA, upande wa pili UAGCC. Zinashikana herufi kwa herufi, wa kwanza wa huku na wa mwisho wa kule. Kwenye kiumbe kingine utakuta GACUA na UAGUC. Herufi ya pili imebadilika kutoka G kuwa A, na mwenzake wa upande wa pili, aliyekuwa C, amekuwa U. Aliyebadili kitasa amebadili na ufunguo. Ukihesabu kufanana kwa herufi, viumbe hivi viwili vimeachana zaidi. Ukiangalia jozi, mabadiliko yale mawili kwa pamoja ni ushahidi mzito kuliko kufanana kokote, maana yanaonyesha kwamba maumbile yamelilinda umbo na kuziacha herufi zibadilike.

Mwaka 1994 Sean Eddy na Richard Durbin walieleza modeli za hesabu zinazobeba mambo yote mawili, herufi na jozi. Kutoka hapo ikaja programu ya Infernal, ambayo ndiyo injini ya Rfam mpaka leo. Zamani ilikuwa nzito mno. Kutafuta familia moja kwenye jenomu kubwa kulichukua muda usiovumilika. Toleo la 2013 la Eric Nawrocki na Eddy liliharakisha mno, na ndilo lililomwezesha mtu kama mimi mwenye kompyuta mpakato moja kufanya kazi yenye maana.

Kila familia ina mbegu. Mbegu ni mpangilio wa mifuatano michache ya herufi za RNA iliyochaguliwa na mtu, mistari imelaliana, kila safu ikisimama wima juu ya nyingine, na chini kabisa mstari wa mabano unaoonyesha nani kashikana na nani: bano linalofunguka huku, linalofungwa kule. Ninapoufungua mpangilio wa namna hii ninaziongezea herufi ukubwa, maana herufi moja ikisogea nafasi moja kulia, jozi sita zinavunjika chini yake. Kutoka kwenye mbegu Infernal inajenga modeli. Kisha modeli inasawazishwa, yaani inapewa mifuatano ya kubahatisha ili ijifunze alama za kelele zinafananaje. Kazi hiyo kwenye mashine yangu inakula saa nyingi. Umeme umewahi kukatika saa kumi usiku ikiwa imebakiza kidogo, nikaanza upya asubuhi.

Halafu linakuja jambo ambalo ndilo nalipenda na kuliogopa kuliko yote: kizingiti.

Modeli ikipitishwa kwenye jenomu zilizokusanywa inarudisha orodha ndefu, kila mfuatano na alama yake, kubwa juu, ndogo chini. Juu kabisa hakuna ubishi. Chini kabisa ni takataka. Katikati kuna eneo ambalo ukweli na bahati vimechanganyika, na mtunzaji wa familia lazima achore mstari: wa juu yake wanaingia, wa chini yake wanabaki nje. Mashine inasaidia. Inakuonyesha, kwa mfano, alama kubwa kuliko zote iliyopatikana kwenye mifuatano iliyogeuzwa nyuma mbele, ambayo haiwezi kuwa ya kweli, na mstari wako usithubutu kushuka chini ya hapo. Lakini kuamua anaamua mtu, kwa kusoma. Kiumbe hiki ni nani? Kinategemewa kuwa na RNA hii? Mbele yake kuna jeni gani? Jozi zimesimama au zimevunjika?

Mwaka jana nilichukua jenomu za bakteria wa maziwa ya magadi zilizokwisha wekwa wazi kwa umma, nikazipitisha kwenye modeli ya RF01734. Nilitaka kujua majirani zangu wa majini wamo kwenye familia au hawamo. Waliopita kizingiti walipita. Chini yake kidogo walikuwepo watatu, na nilikaa nao jioni nne mfululizo. Wa kwanza alikuwa amevunjika jozi mbili za katikati na mbele yake hapakuwa na jeni yoyote inayohusika. Nikamwacha. Wa pili alikuwa mzuri mpaka nilipogundua kwamba kipande chake cha jenomu ni kifupi kiasi cha kukatika katikati ya RNA. Siwezi kumwapia mtu ambaye nimeona nusu ya uso wake. Wa tatu alikuwa na alama ndogo kuliko wote. Herufi zake zilikuwa ngeni kwelikweli. Lakini kila palipokuwa na herufi ngeni upande mmoja wa jozi, upande wa pili nao ulikuwa umebadilika kulingana nao, mara tatu, na herufi chache mbele yake ikaanza jeni ya mlango wa floraidi. Nikaona mgeni wa Babati kwa macho yangu.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini alama imekuwa ndogo. Modeli inajua ilichofundishwa na mbegu, na mbegu zimejaa bakteria waliochunguzwa zaidi, yaani wanaowaletea watu magonjwa, wanaokaa maabara, wanaoishi kwenye udongo na maji ambako watafiti ni wengi. Wa maziwa yetu ya magadi ni wachache humo. Kosa si la mtu, lakini matokeo yake ni kwamba kizingiti kilichochorwa mbali kinawafungia nje watu wa huku. Dawa haiko kwenye kushusha kizingiti. Ukikishusha, takataka zote zinaingia. Dawa ni kuongeza mbegu, moja baada ya nyingine, kila mmoja na ushahidi wake, na Rfam inapokea familia na maboresho kutoka kwa yeyote mwenye mpangilio uliofanywa kwa uangalifu.

Kutunza ni pamoja na kutoa. Rfam ina orodha ya familia zilizokufa, kila moja na sababu yake: ilionekana ni sehemu ya familia nyingine, au haikuwa RNA kabisa. Ninaiheshimu orodha hiyo kuliko kitu kingine chochote kwenye kanzidata ile. Ni kukiri hadharani, kwa nambari. Mwaka 2017 Elena Rivas na wenzake walitoa kipimo cha takwimu kiitwacho R-scape, kinachouliza swali moja gumu: mabadiliko ya jozi unayoyaona yanazidi yale ambayo yangetokea kwa bahati na undugu tu? Walikipitisha kwenye RNA ndefu mashuhuri, HOTAIR ikiwemo, ambazo michoro ya maumbo yake ilikuwa imechapishwa na kushangiliwa, na ushahidi haukuonekana. Sasa kipimo hicho kinatumika kwenye familia za Rfam. Zipo ambazo zimesimama imara zaidi baada ya kupimwa, na zipo ambazo jozi zake imebidi zichorwe upya. Tangu pale wameendelea pia kuzipitia familia zenye maumbo ya fuwele, moja moja, wakiongeza mafundo ambayo michoro ya zamani ilishindwa kuyaonyesha.

Mwaka 2012 au 2017 mtu anaweza kusema ni habari za mbali. Nieleze na ya karibu. Kabla sijafika hapa nilipo nilifanya kazi kwenye mradi mmoja wa mkoani, siutaji, uliokusanya mifuatano ya vijidudu vya mifugo kutoka wilaya tatu. Tulikuwa vijana watano. Tulipanda pikipiki mpaka kwenye maboma ya Simanjiro, tukabeba barafu mgongoni. Kanzidata ikajengwa, nzuri kwa kweli, ikazinduliwa kwa keki na hotuba. Fedha zilikuwa za miaka mitatu. Mwaka wa nne hakuna aliyelipia seva, na siku moja niliandika anwani yake nikaletewa tangazo la kuuza viatu. Nakala ya akiba ilikuwa kwenye diski moja, na diski ilikuwa kwenye droo ya mtu aliyehama. Sijawahi kuipata. Wafugaji walioshika mbuzi wao ili tutoe damu hawajui mpaka leo kwamba hatuna hata mstari mmoja wa kuwaonyesha. Hilo linaniuma, na linaniuma zaidi nikikumbuka kwamba kwenye bajeti ile kulikuwa na fungu la uzinduzi na hapakuwa na fungu la kutunza.

Ndiyo maana nikiangalia Rfam imevuka miaka ishirini naona kitu kikubwa kuliko teknolojia yake. Imehama taasisi haikupotea. Mwaka 2017 waligeuza msingi wake mzima ili utafutaji ufanyike kwenye jenomu zilizochaguliwa badala ya lundo la mifuatano yenye marudio yasiyo na idadi, kazi ya kuchosha ambayo mtumiaji wa kawaida hata haioni. Maelezo ya familia wameyaunganisha na Wikipedia, ili mwenye ujuzi arekebishe bila kuomba ruhusa. Data yote ni mali ya umma. Nimeipakua yote kwa bando la usiku na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Na mwaka 2020 virusi vya korona vilipofika, mwezi Aprili walikuwa wamekwisha toa toleo maalumu lenye familia za RNA za virusi hivyo, za ncha mbili za jenomu na ile sehemu inayoifanya ribosomu iruke fremu ya kusoma. Hawakuanza kutoka sifuri. Baadhi ya familia hizo zilikuwepo tangu zamani, zimetunzwa miaka ambayo hakuna aliyezijali, zikahitaji kupanuliwa na kurekebishwa tu.

Buku la baba mkubwa lilikaa miaka sita bila kuandikwa baada ya kufariki kwake. Mwaka juzi kwenye matanga ya shangazi ndipo tulipogundua kwamba watoto kumi na moja hawamo, na wawili kati yao wamechumbiana bila kujua ni ndugu. Wazee walikaa mpaka usiku. Sasa buku liko kwa binamu yangu wa kike, mwalimu wa shule ya msingi, na kila Jumamosi akirudi kutoka soko la Tengeru anapita kwa mama kuuliza kama kuna jipya.

Mama aliniuliza na mimi, wiki iliyopita, ninaandika nini kila siku kwenye hiyo kompyuta. Nilimwambia nina buku la ukoo kama la baba mkubwa, ila la wadudu wadogo wanaoishi mtoni, wale wasioharibiwa na maji yetu.

"Na wewe ndiye unayesema nani ni wa ukoo?"

"Siyo mimi peke yangu, mama. Napeleka, wanaangalia, wakikubali wanaandika."

"Basi peleka," akasema. "Ukikaa nao tu wewe wanasaidia nini."

Mpangilio wangu mpya wa RF01734 una mifuatano ya zamani yote pamoja na yule mmoja wa ziwa la magadi. Nimeujenga, nimeusawazisha, nimeupitisha kwenye R-scape, na jozi zake zimesimama. Imebaki safu moja karibu na shina la kwanza, ambapo sijaamua kama herufi yake A ikae upande huu wa pengo au upande ule. Nikiiweka kushoto jozi moja inapatikana, nikiiweka kulia inapotea lakini inalingana na umbo la fuwele. Leo usiku naifungua fuwele tena.